Bustani ya Bi Mkubwa na Akdi ya Septemba

Kikundi: Ukoo wa Bi Mkubwa, Dallas na Vitongoji

IJUMAA

Shangazi Rukia, saa 1:05 usiku
Assalam alaikum, jamaa zangu. Akdi ya Salma, inshallah, itafungwa Jumamosi ya pili ya Septemba katika bustani ya nyuma ya Bi Mkubwa, na sisi tumo wiki ya mwisho ya Juni. Leo nilipotoka kazini nilipita pale nikakuta ardhi imepasuka nyufa za kuingia kiganja, mawaridi yamebaki miiba, na kitu pekee kinachochanua kwa raha zake ni ile mioleanda ya ukutani. Naomba kila nyumba inijibu kabla ya kesho adhuhuri: nani atanunua miche, nani atachimba, na nani atamwagilia.

Shangazi Rukia, saa 3:40 usiku
Naona ujumbe umesomwa na karibu kila mtu. Nawakumbusha kwamba kusoma si kujibu.

Faraji, saa 3:52 usiku
Wa alaikum salaam, Da Rukia. Mimi najitolea kukaa kivulini na kusimamia, kazi ambayo nina uzoefu nayo wa miaka mingi na ambayo haijawahi kulalamikiwa na mtu yeyote isipokuwa mke wangu.

Shangazi Rukia, saa 3:54 usiku
Faraji, umeandikwa kwenye kuchimba. Mawazo yangu ni haidranjia nyeupe pande zote mbili za njia, kama zile tulizoweka Idd.

Mwanaisha, saa 4:30 usiku
Shikamoo, Shangazi. Kwa heshima zote, haidranjia zile ziliishi siku ngapi? Zilikuja zimechanua kwa sababu zilikuzwa kwenye kivuli na ubaridi, tukazitia kwenye jua kamili la Dallas, na kabla ya wageni kumaliza biriani zilikuwa zimeinamisha vichwa. Udongo wa hapa ni mweusi wa mfinyanzi, ndugu wa ule wa mbuga kwetu, ambao mvua ikinyesha hunata viatuni na kiangazi kikiingia hukauka na kuachana, na tena una chokaa nyingi, ndiyo maana majani ya mimea isiyouzoea hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani. Tusipigane na bustani. Tupande yanayolipenda joto lenyewe.

Shangazi Rukia, saa 4:33 usiku
Taja.

Mwanaisha, saa 4:58 usiku
Zinia kwanza, kwa mbegu na si kwa miche, zimwagwe moja kwa moja kwenye tuta wiki hii, kwani huchukua takriban siku 60 hadi 70 kufikia kuchanua, na hesabu hiyo inatufikisha Septemba bila wasiwasi. Kandokando ya njia tuweke vinka, na nyuma yake lantana ya manjano ile inayoitwa New Gold, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wameiweka kwenye orodha yao ya mimea iliyojaribiwa na kuvumilia jimbo hili. Penye uzio tupande plambago ya buluu, iliyotoka Afrika Kusini na isiyojua kulalamikia jua. Juu ya udongo wote tutandaze magome yaliyosagwa, unene wa sentimita 5 hadi 8, tukiacha nafasi kidogo kuzunguka shina, kwa kuwa bila matandazo maji yote tutakayomwaga yatarudi mbinguni kabla ya kufika mizizini.

Faraji, saa 5:10 usiku
Mwanaisha, lantana? Hilo gugu ambalo baba yetu alilifyeka kwa panga miaka yote, lililoua ndama wa jirani, leo tulinunue kwa dola na kulipandia harusi?

Mwanaisha, saa 5:16 usiku
Ndilo hilo, Mjomba, na asili yake ni huku Amerika, kwa hiyo huku lipo kwao. Aina hii karibu haizai mbegu, haitatambaa hadi kwa jirani. Ndama hatuna.

JUMAMOSI

Bi Khadija, saa 12:20 asubuhi
Samahani, sikuwa na simu jana. Vinka si yale maua ya waridi na meupe ambayo mimi nimeyazoea makaburini? Tutampitishaje bibi harusi katikati yake?

Mwanaisha, saa 1:15 asubuhi
Ni hayo, Bi Khadija. Asili yake ni Madagaska, na yanaota makaburini kwa sababu ileile inayonifanya niyatake: mchanga mkavu, jua kali, na hakuna mtu wa kumwagilia. Ni mmea huohuo uliowapa madaktari dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini. Sharti lake moja ni kwamba lisimwagiwe maji juu ya majani, maana hapo huingia ugonjwa ambao huozesha matawi na kufyeka tuta zima, kwa hiyo tununue aina ya Cora, iliyozalishwa ili kuustahimili ugonjwa huo, na maji yapite chini.

Bi Khadija, saa 1:20 asubuhi
Sikuuliza habari za dawa, mwanangu. Nimeuliza habari za bibi harusi.

Faraji, saa 1:31 asubuhi
Napendekeza Salma apite mlango wa mbele.

Shangazi Rukia, saa 2:00 asubuhi
Vinka tutarudi kwake. Swali kubwa ni asumini. Vikuba, yaani vishada vya asumini na rehani, vya Salma na vya wasindikizaji wake vitahitaji maua mengi mno, na chungu kimoja hutoa kiganja kimoja kwa usiku, kikijitahidi. Kila mwenye chungu cha asumini aseme anavyo vingapi. Wengine tafuteni rehani. Hilo halina shida, linaota hadi kwenye madirisha ya jikoni.

Shangazi Rukia, saa 4:45 asubuhi
Nasubiri.

Mama Salma, saa 5:30 asubuhi
Mimi ninavyo viwili, lakini vina majani matupu.

Mwanaisha, saa 5:41 asubuhi
Dada, ni mbolea ya nitrojeni hiyo. Inampa majani na kumnyima maua. Punguza ncha za matawi sasa, kwa kuwa asumini huchanua kwenye machipukizi mapya, kisha umpe mbolea ya maua, jua la asubuhi, na kivuli cha alasiri. Kama chungu ni cha plastiki nyeusi kitie ndani ya kingine cha udongo, maana jua la saa tisa huichemsha mizizi.

Jabir, saa 7:15 mchana
Assalam alaikum. Nimekuwa nikiwasoma kimyakimya. Nyuma kwangu kuna kivuli cha mti wa jirani kuanzia saa nane, na bomba liko karibu. Kama mkipenda, vyungu vyote vya asumini vikusanywe kwangu hadi Septemba, nami nitavimwagilia kila alfajiri.

Shangazi Rukia, saa 7:18 mchana
Ahsante, Kaka Jabir, nia yako tunaiona. Asumini haitakwenda kwako.

Jabir, saa 7:20 mchana
Kwa sababu gani?

Shangazi Rukia, saa 7:21 mchana
Sababu iko gerejini.

Jabir, saa 7:34 mchana
Da Rukia, Februari ya 2021 umeme ulikatika kwa mamilioni ya nyumba za Texas, na uwanja wa ndege wa Dallas-Fort Worth ulipima nyuzi 19 chini ya sifuri. Sikuizima mitambo ya jimbo kwa mkono wangu. Nilikuwa na watoto ndani waliolala na makoti, na mimi nilichoma viti vya bustani ili wapate joto, halafu hadi leo ninaulizwa chungu cha asumini kilikuwa chumba gani.

Shangazi Rukia, saa 7:36 mchana
Watoto tuliwajua. Tulichouliza ni kwa nini hukusema kwa wiki tatu kwamba asumini imekufa.

Jabir, saa 7:37 mchana
Ujumbe huu umefutwa.

Faraji, saa 7:50 mchana
Nimeusoma kabla haujafutwa, na kwa amani ya ukoo nimeusahau.

Mama Salma, saa 9:05 alasiri
Naomba tuyaache hayo, kuna jambo la haraka zaidi. Siku ile kutakuwa na watoto wengi bustanini, na mioleanda ile ina sumu kuanzia mzizi hadi ua, sumu inayoushika moyo. Mtoto wangu wa mwisho anatia mdomoni kila anachokiona. Ing'olewe au ising'olewe? Nataka jibu leo.

Faraji, saa 9:11 alasiri
Ningependa ing'olewe kwa uangalifu, maana matawi yake yamenyooka vizuri na nilikuwa nimeyapigia hesabu ya mishikaki.

Bi Khadija, saa 9:14 alasiri
Mishikaki ya nyama gani, Faraji? Mara ya mwisho ulituletea kuku.

Faraji, saa 9:15 alasiri
Kuku yule alikuwa na nia ya kuwa mbuzi.

Mwanaisha, saa 9:22 alasiri
Mjomba, usitanie hapo. Tawi la oleanda halichomi nyama, na hata moshi wake ukichomwa ni sumu. Atakayeing'oa avae glavu na mikono mirefu, matawi yafungwe kwenye mifuko, na asiwashe moto.

Shangazi Rukia, saa 9:40 alasiri
Mimi nasema ibaki hadi harusi ipite, kisha ikatwe. Ndiyo pekee iliyo na maua huko nyuma leo, inauficha ukuta wa jirani ambao hatukuuomba, na mji wa Galveston umejaa mioleanda tangu 1841 na watu wanazaa na kulea palepale. Watoto wawekewe mtu wa kuwatazama.

Mama Salma, saa 9:42 alasiri
Mtu gani?

Shangazi Rukia, saa 9:50 alasiri
Atapatikana. Na kuna ule mkrepi wa mbele, yaani Lagerstroemia, uliochanua zambarau ukapendeza. Shina lake limeingia weusi kama masizi. Unakufa?

Mwanaisha, saa 10:08 alasiri
Haufi. Ni wadudu weupe wa gome, waliogunduliwa mara ya kwanza nchini Marekani mwaka 2004 hapohapo Richardson, kitongoji cha Dallas, na weusi ni ukungu unaoota juu ya utamu wanaoudondosha. Usuguliwe kwa sifongo na maji ya sabuni hadi unapofika mkono. Usikatwe. Aliyeukata juu miaka iliyopita na kuuacha na vifundo, sitamtaja.

Faraji, saa 10:15 alasiri
Nimepewa kuchimba, sasa niogeshe na mti. Nani ataniogesha mimi?

Jabir, saa 12:30 jioni
Kuhusu maji, ambalo bado ni jambo la ukoo huu hata kama gereji yangu haimo: sheria ya jiji la Dallas inakataza vinyunyizio kati ya saa nne asubuhi na saa kumi na mbili jioni kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Oktoba, na vinaruhusiwa siku zisizozidi mbili kwa wiki. Mpira wa mkononi na mabomba ya matone huruhusiwa wakati wowote. Ninao mpira wa matone wa mita nyingi, mpya. Na kama chama cha wamiliki wa nyumba cha mtaa ule kitaleta tena barua kuhusu nyasi za mbele, sheria ya jimbo ya mwaka 2013 hairuhusu chama kukataza bustani inayohifadhi maji, ingawa kinaweza kudai kuuona mchoro kwanza. Mchoro naweza kuuchora.

Shangazi Rukia, saa 12:44 jioni
Mpira wa matone tunaupokea.

JUMAPILI

Bi Mkubwa, saa 12:10 asubuhi
Huyu ni Nasri, naandika anayosema Bibi neno kwa neno.

"Wanangu, nimesomewa yote tangu Ijumaa, na mengine nimeomba nisomewe mara ya pili. Asumini iliyokufa ilikuwa yangu. Mwenye kudai ni mimi, na sijadai. Jabir atavikusanya vyungu, lakini havitakwenda kwake wala kwa Rukia, vitakaa barazani kwangu upande wa mashariki, naye atakuja kila alfajiri kuvimwagilia, na chai ataikuta. Mioleanda ing'olewe wiki hii. Niliipanda mwenyewe nilipokuwa sina wajukuu. Khadija, maua hayo ya makaburini yapandwe. Niliowazika wananihusu pia siku za furaha. Na akdi iwe asubuhi. Asumini ikichumwa magharibi, ikalazwa kwenye kitambaa chenye unyevu, saa tatu asubuhi bado ni nyeupe na inanukia. Alasiri mliyoipanga itakuwa imeshageuka kahawia shingoni mwa mtoto, na wageni watakuwa wanayeyuka. Septemba ya huku si baridi."

Shangazi Rukia, saa 12:55 asubuhi
Shikamoo, Bi Mkubwa. Tumesikia.

Jabir, saa 1:02 asubuhi
Shikamoo, Mama. Kesho alfajiri nipo.

Bi Khadija, saa 1:30 asubuhi
Sawa, Bi Mkubwa. Sina la kuongeza.

Mama Salma, saa 2:14 asubuhi
Ahsante, Mama. Lakini, Rukia, kadi hazijachapishwa saa kumi? Na sheikh ameshaambiwa alasiri, na mpishi je?

Faraji, saa 2:40 asubuhi
Mioleanda nitaing'oa mimi Jumatano, kwa glavu, bila mishikaki. Nahitaji mtu mwenye gari la kubeba mifuko, na mtu wa kuniambia ukuta wa jirani utafichwa na nini baada ya hapo.

Mwanaisha, saa 2:51 asubuhi
Plambago, Mjomba, ingawa kwa Septemba hii itafika kiunoni tu. Wengine wangesema senizo, kichaka cha Texas chenye majani ya kijivu, lakini senizo husubiri unyevu hewani ndipo ichanue, na hatuwezi kuialika kwa kadi.

Shangazi Rukia, saa 3:20 asubuhi
Orodha hadi sasa: kung'oa, Faraji. Matone na vyungu, Jabir. Vinka na lantana, Mwanaisha anunue, risiti nipewe mimi. Kusugua mkrepi, pako wazi. Mbegu za zinia, pako wazi, na lazima ziwe ardhini kabla ya wiki hii kwisha. Gari la Jumatano, pako wazi. Habari ya kadi nitazungumza na Mama Salma kwa simu.

Mama Salma, saa 5:05 asubuhi
Nimekupigia mara mbili, Rukia.

Abdalla, saa 4:25 usiku
Poleni, nilikuwa zamu. Mbegu za zinia ninazo pakiti nne, ila ni za mwaka juzi. Zinafaa?

Mwanaisha, saa 4:31 usiku
Weka kumi kwenye karatasi iliyoloa, zifunikwe, uziangalie baada ya siku tano. Zikiota saba, zinatosha. Zikiota tatu, niambie mapema nikanunue nyingine.

Abdalla, saa 4:33 usiku
Nimekuelewa. Na akdi sasa ni asubuhi au alasiri? Niombe ruhusa ya zamu ipi?