Mombasa 2022: kura za rais na za gavana zinatofautiana. Nisomeje mwelekeo wa mji?

bi_hesabu
Assalaam aleikum wadau. Naandaa jedwali la uchaguzi wa 2022 hapa Mombasa. Daftari lilikuwa na wapiga kura 641,913. Agosti 9, Raila alipata karibu 161,000 na Ruto karibu 114,000. Kura ya gavana iliahirishwa kwa sababu ya makosa ya uchapaji wa karatasi, ikapigwa Agosti 29: Abdulswamad Nassir (wa Azimio, muungano wa Raila) 119,083, Hassan Omar (wa UDA, chama cha Ruto) 98,108. Pengo limeshuka kutoka 47,000 hivi hadi 20,975 ndani ya siku ishirini. Naweza kuandika kwamba mji umeanza kuegemea UDA? Na waliojitokeza nawahesabuje, maana kila ninaposoma nakuta asilimia tofauti?

mlinda_sanduku
Waaleikum salaam. Usiandike hivyo, dada. Pengo limepungua, lakini kura za UDA nazo zimepungua. Hakuna upande ulioongezeka.

Pima kila upande kwa kura zake wenyewe. Hassan Omar alipata kama asilimia 86 ya kura za Ruto. Abdulswamad alipata kama asilimia 74 ya kura za Raila. Kwa hiyo Azimio ilipungukiwa na kura 42,000 hivi, na Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, 16,000 hivi. Kilichobadilika zaidi ni nani alibaki nyumbani. Na hata hapo usiape kwamba wote waliompigia Omar ndio waliompigia Ruto, maana fomu hazionyeshi mtu mmoja mmoja alihamia wapi.

Itazame na kalenda. Ruto alitangazwa mshindi Agosti 15, na Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wake Septemba 5. Kura ya gavana iliangukia katikati, matokeo ya rais yakiwa bado yanabishaniwa. Isitoshe, Agosti 9 mtu alipewa karatasi sita kwa safari moja. Agosti 29 foleni ilikuwa ya kura moja tu.

Fomu34A
Nakuja kwenye hesabu. Tofauti za asilimia unazoziona nyingi zinatokana na kura zilizokataliwa. Waliojitokeza ni kura halali *pamoja na* zilizokataliwa, ugawe kwa walioandikishwa. Asilimia ya mgombea wa urais ni kura zake ugawe kwa kura halali peke yake, kama Mahakama ya Juu ilivyoamua 2013. Ukizichanganya hizi mbili jedwali lote linapinda.

Jaribu kwa taifa zima: halali 14,213,137, zilizokataliwa 113,614, daftari 22,120,458. Ukijumlisha zote unapata asilimia 64.77. Ukisahau zilizokataliwa unapata 64.25. Nusu asilimia inaonekana ndogo, lakini ni zaidi ya watu laki moja waliopanga foleni.

Kwa Mombasa, kura za hao wawili wa ugavana peke yake ni 217,191, yaani asilimia 34 hivi ya daftari. Ongeza wagombea wengine na zilizokataliwa, utapanda kidogo tu. Kwa rais mji ulikuwa karibu asilimia 44.

Kosa jingine ni kuchukua wastani wa asilimia za vituo. Kituo cha watu 700 kikiwa na asilimia 40 na kituo cha watu 100 kikiwa na 80, wastani unakuambia 60. Ukweli ni kura 360 kwa watu 800, yaani 45. Jumlisha kura kwanza, asilimia ije mwisho.

Unapoingiza Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya rais za kila kituo (na 37A za gavana), kagua kila mstari: kura za wagombea zijumlike sawa na halali zilizoandikwa, walioandikishwa wasizidi 700 kwa kituo, na waliopiga wasizidi walioandikishwa. Ukikuta 7 iliyosomwa kama 1, rudi kwenye picha ya fomu yenyewe, usikisie.

bi_hesabu
Shukrani sana. Sasa nikishuka hadi kituo, naweza kusema mtaa fulani unaegemea wapi?

mlinda_sanduku
Kwa shule nzima, ndiyo, kwa tahadhari. Kwa strimu moja, yaani chumba kimoja cha kupigia kura ndani ya shule, hapana. Shule yenye wapiga kura 2,000 hugawanywa strimu tatu kwa mpangilio wa herufi za majina, si kwa mitaa. Strimu zikitofautiana, huenda unasoma tofauti ya majina, na majina yetu hubeba kabila na dini. Ziunganishe strimu zote za shule moja kabla hujasema lolote kuhusu mtaa.

Kisauni_Juu
Na hilo daftari msiliamini kupita kiasi. Aliyehamia Kilifi au Nairobi bila kuhamisha kituo bado anahesabiwa Mombasa, na maombi ya kuhamisha hayapokelewi ndani ya siku 90 kabla ya uchaguzi. Marehemu nao hubaki mpaka waondolewe. Halafu kuna walioko Ghuba: 2022 kulikuwa na vituo Qatar na Falme za Kiarabu, kwa kura ya rais tu, lakini Saudia hakukuwa na kituo hata kimoja. Mtu wa Likoni anayefanya kazi Jeddah anaonekana kwenye jedwali lako kama mtu aliyesusa, na hakususa.

Kinyume chake, mwenye kuishi Changamwe aliyejiandikisha kwao bara hamo kabisa kwenye hesabu yako, hata kama siku ya kura alisafiri usiku kucha kwenda kupiga.

Kwa hiyo weka safu mbili, waliopiga kwa mia ya daftari na waliopiga kwa mia ya watu wazima wa sensa ya 2019, na uzitenganishe kwa maeneobunge yote sita. Anza na Kisauni na Mvita. Zikienda pande tofauti, tuwekee namba hapa tuzitazame pamoja.