Bosi ananiambia nilipe washindi wa mashine kwa taslimu. Sheria ya Georgia inasemaje sasa?

Mama Zuhura
Habari za leo ndugu zangu. Nipo Clarkston, jimbo la Georgia hapa Marekani, nafanya zamu ya usiku kwenye kiduka cha kituo cha mafuta. Pembeni ya friji la soda kuna mashine tisa za kuchezesha. Sheria inaziita mashine za sarafu, lakini sijaona mtu akitia sarafu hata siku moja. Ni noti tu, nyingi za ishirini.

Kuna mzee mmoja wa Uvira, gari la kiwanda cha kuku likimshusha anaingia moja kwa moja na mabuti yake ya mpira. Yale matunda ya kwenye kioo cha mashine yakisimama, inabidi uguse moja lisogee ili mstari ukamilike, ndiyo maana wanasema ni mchezo wa ustadi. Yeye hugusa kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba. Alhamisi pointi zake zilijikusanya mpaka dola 85. Nikamwambia achague bidhaa za dukani za thamani hiyo. Akaniuliza, "Mama, nichukue chipsi za dola 85 nimpelekee nani?"

Nikampigia bosi. Akasema nitoe kwenye droo nimpe, halafu niandike "mafuta". Nikatoa. Tangu siku ile silali vizuri, maana karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka.

Nasikia sheria ilibadilishwa mwaka 2024. Je, sasa kulipa taslimu ni ruksa?

Mkaazi wa Stone Mountain
Dada, si ruksa, na haijawahi kuwa ruksa. Niliwahi kuwa na duka lenye mashine hizo, kwa hiyo nakueleza ninachokijua.

Mwaka 2013 jimbo lilizitoa mikononi mwa idara ya mapato, likazikabidhi kwa shirika la bahati nasibu, na baadaye zote zikaunganishwa na kompyuta kuu. Zawadi ni bidhaa za dukani, petroli au tiketi za bahati nasibu, isiyozidi dola 5 kwa mchezo mmoja. Bia na sigara hapana. Pesa mkononi ni kosa la jinai.

Kilichobadilika 2024 ni kwamba ushindi unaweza kuwekwa kwenye kadi ya zawadi, mteja akaitumie hata duka jingine. Fungu la jimbo kwenye mapato ya mashine nalo likapanda kutoka asilimia 10 hadi 13, na kinachobaki mwenye duka na mwenye mashine hugawana nusu kwa nusu.

Hilo la kuandika "mafuta" ndilo linanitia hofu zaidi. Mapato ya mashine hayatakiwi kupita nusu ya mapato ya duka, kwa hiyo ukiandika mafuta yasiyouzwa unatengeneza mauzo hewa ya kuonyesha kwamba nusu hiyo haijapitwa. Na aliyeandika ni wewe, si bosi. Usirudie.

Baba Espérance
Mama Zuhura, pole sana. Kabla hujaongea na mkaguzi au mtu yeyote wa jimbo, muone kwanza mwanasheria wa uhamiaji. Andika tarehe na saa bosi alipokupa amri, uweke nyumbani.

Fedha za bahati nasibu zinalipia shule za awali na ufadhili wa masomo ya chuo uitwao HOPE tangu 1993. Binti yangu anasoma kwa ufadhili huo, nashukuru kabisa. Lakini nikifikiri kwamba sehemu ya karo yake imetoka kwa wazee wetu wanaokata kuku usiku kucha, roho inaniuma. Huyo mzee ana watu nyumbani? Kama tunasali naye, niambie niende nikamsalimie.

Mama Zuhura
Asanteni sana. Mwanasheria nitamuona Jumanne. Bosi nimemwambia sitoi tena pesa kwenye droo. Hakujibu, ila amenipunguzia zamu mbili.

Mzee alikuja jana, akashinda dola 31. Nilimweleza taratibu, akanisikiliza akiwa ameshika kofia. Kadi duka letu halina bado, kwa hiyo tulizunguka naye: mchele, mafuta ya kupikia, maziwa, pampasi za mjukuu. Zilibaki senti 40, akachukua pipi. Baba Espérance, anaishi na bintiye, nitakutumia ujumbe.

Kama kuna anayejua duka linaloajiri huku Clarkston au Tucker lisilo na mashine hizi, tafadhali aniambie. Kaunta naiweza, hata usiku.