Kituo cha jeshi kwenye reli ya Romney, Hythe and Dymchurch: kilikuwa upande gani?

Swali: Nafuatilia kituo cha treni cha jeshi kilichoachwa, kwenye tawi la reli hii ndogo kati ya New Romney na Dungeness, Uingereza. Kuna tuta pana bila reli. Ndilo tawi lenyewe?

Jibu: Usidanganywe na upana huo. Kipande hicho cha njia kuu kilikuwa na njia mbili za reli. Kilipofunguliwa tena 1947, baada ya vita, kikarudishwa njia moja. Tawi la jeshi lilielekea kwenye vioo vya sauti vya Denge, kuta za zege za kusikilizia ndege. Tafuta mkunjo unaoachana na njia kuu kuelekea huko, si tuta linaloenda sambamba nayo.

Jibu: Naongeza. Reli hii ina upana wa mm 381 tu, kwa hiyo tuta la tawi ni jembamba, na changarawe asilia ya pale huficha kokoto za reli. Anza na ramani za zamani na picha za angani. Vioo ni vitatu, kikubwa ni ukuta wa mita 61 kutoka mwisho hadi mwisho, huwezi kuukosa. Rudi nyuma kutoka hapo.

Jibu: Tafadhali, msitembee relini. Treni bado zinapita.