Sola ya zahanati: betri hazimalizi mwaka, tatizo liko wapi?

Mkazi_Simanjiro
Wakuu, naomba msaada. Zahanati ya kijiji huku Simanjiro, mbali na nguzo za TANESCO, ina paneli 2 za wati 150, kontrola (kidhibiti cha chaji) aina ya PWM ya ampea 30, betri 2 za maji za 12V 100Ah zilizofungwa sambamba, na inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani). Kazi yake ni taa na kuchaji simu za wanakijiji. Betri mpya hazimalizi mwaka, na saa nne usiku taa ya chumba cha kujifungulia inazimika. Kamati inataka kununua betri ya tatu. Ni sahihi?

FundiVolti
Msinunue kwanza, pigeni hesabu. Taa 6 za wati 7 kwa saa 5 ni Wh (wati mara saa) 210. Taa ya wazazi, wati 10 usiku kucha, Wh 120. Simu 40 kwa siku, kila moja Wh 12 pamoja na upotevu, ni 480. Inveta ikiachwa imewashwa hula kama wati 15 bila mzigo wowote: kwa saa 24 ni 360. Jumla 1,170. Paneli zenu kwa jua la saa 5, ukitoa upotevu, zinaleta kama 975. Betri haijai hata siku moja, na betri ya risasi (kama hizi zenu za maji) isiyojaa huota salfati, ukoko mgumu, kwenye sahani zake za ndani. Betri ya tatu ni kuongeza pipa wakati mvua ni ile ile.

Waya kutoka paneli hadi kontrola ni wa ngapi, na umbali gani? Inveta imefungwa wapi?

Mkazi_Simanjiro
Waya 2.5 mm², mita 15. Inveta iko moja kwa moja kwenye betri, taa zote zinatoka humo.

FundiVolti
Basi kuna matatizo mawili zaidi. Mita 15 kwenda na kurudi ni 30, kwa 2.5 mm² ni omu 0.21. Ampea 16 zikipita, unapoteza volti 3.4. Paneli ikipata joto inatoa kama volti 16, kwa hiyo betri haifiki 14.4 inayohitaji ili ijae. Weka 10 mm², upotevu unashuka chini ya volti 1.

Pili, inveta nyingi hukata kwenye 10.5V, betri ikiwa imeshaisha chaji kabisa. Taa zote, kwanza ya wazazi, wekeni za 12V kwenye matundu ya mzigo (load) ya kontrola, inayokata karibu 11.1V. Inveta iwashwe mchana tu, kwa simu, na izimwe saa kumi na moja jioni.

Nesi_Kijijini
Naongeza: friji ya chanjo isiunganishwe kamwe kwenye mfumo huu. Chanjo zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8. Zipo friji zinazokula jua moja kwa moja bila betri, zinatunza ubaridi kwenye barafu kwa siku 3 au zaidi, na zina paneli zake. Mtu asije akachomeka simu humo.

Mkazi_Simanjiro
Kamati inakaa Jumamosi. Napeleka hesabu hii na bei ya mita 30 za 10 mm².