Laptopu imekuwa bubu baada ya apdeti ya usalama, na Jumamosi nina sendofu ya watu

Mgebuka_Mkavu (Kigoma)

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada nimekwama kabisa. Nina laptopu yangu ya used, i5 kizazi cha 8, RAM 8, Windows 11, ndo naiedit nayo video za harusi na sendofu hapa Mwanga. Juzi usiku niliiacha inaapdeti nikaenda kulala, asubuhi naiwasha kila kitu kiko sawa ila sauti hakuna. Ile alama ya spika pale chini ina eksi nyekundu, ukiweka mshale juu yake inakwambia hakuna kifaa cha kutolea sauti. Hakuna kivipi wakati spika hizi hapa nazishika na mkono?

Mpaka sahv nimeirestati kama mara kumi. Nimechomeka hedifoni, kimya. Subwufa kwa waya, kimya. Cha ajabu ka spika ka blutuufu ka mdogo wangu kanalia vizuri tu. Nikaenda kwa fundi aliyenipigia windo mwaka jana, akasema hizi apdeti za usalama ndo zinaua saundikadi makusudi ili mtu ununue laptopu mpya, dawa ni kubadili kadi au kupiga windo upya, elfu 40. Kaniachia flashi yake yenye madraiva (zile programu ndogo zinazoiunganisha windo na vifaa kama spika) ya kila aina nijaribu kurudisha la zamani. Nimelirudisha, linakubali mpaka mwisho, nikiwasha upya bubu vilevile.

Video ni masaa matatu, MC anachezesha mdomo tu kama samaki aliyetolewa majini. Na bando limebaki GB moja na kidogo.

bint_Ujiji

Pole kaka. Si utumie hiyo blutuufu umalize kazi kwanza, sauti yenyewe utaitafuta baada ya Jumamosi?

Mgebuka_Mkavu

Dada nilianza hivyo, sauti inachelewa. Kwa kusikiliza muziki hugundui ila kwenye editi mama mkwe anapiga kigelegele, mdomo umeshafunga ndo kigelegele kinafika. Nikikata kwa kufuata sikio picha inakosea, nikifuata picha sikio linakosea. Nimekata dakika 12 nikafuta zote.

Kapteni_Kibirizi

Mi nawaambia kila siku humu hamsikii, apdeti zima. Laptopu yangu haijaapdeti tangu 2021 na sauti ipo mpaka majirani wanalalamika. We rudisha windo nyuma siku saba af zima kabisa hayo mambo, usalama gani wa kulinda video za sendofu?

Ngambo_Tabora

Mgebuka shusha presha, mashine yako nzima. Kwanza kwenye laptopu nyingi hakuna kadi ya sauti ya kuchomoa na kubadili kama ya deskitopu za zamani, ni chipu ndogo imechomewa kwenye madabodi, so huyo anayetaka kukubadilishia "kadi" muulize ataichomoa wapi. Pili, blutuufu inalia kwa sababu inapita kwenye draiva lake tofauti, kwa hiyo huduma ya sauti ya windo iko hai, kilichokatika ni njia moja tu, ya kwenda kwenye hiyo chipu.

Nijibu mambo mawili. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, ingia Device Manager, fungua sehemu ya sauti. Kuna kitu chenye pembetatu ya njano? Kibonyeze mara mbili unisomee kodi ya hitilafu namba ngapi. La pili, na hili usinifiche, ukiacha apdeti ulibonyeza kitu gani kingine asubuhi ile?

Ukitaka kuhakikisha chipu haijafa kuna njia, unawasha laptopu kwa flashi ya Ubuntu (mfumo mwingine badala ya windo) bila kuinstoo, unacheza wimbo. Ukilia, tatizo ni draiva. Ila ile ni GB kadhaa kudaunlodi na kwa bando lako hatufiki huko, nisomee kodi kwanza.

Mgebuka_Mkavu

Mkuu kodi ni 39. Inasema windo imeshindwa kupakia draiva la hiki kifaa, huenda limeharibika au halipo.

Kuhusu kubonyeza... aisee sikufikiria kama inahusika. Baada ya apdeti kale kangao ka Windows Security kalikuwa na alama ya njano, nikakafungua, kakaniambia kuna kitu cha ulinzi kimezimwa, Memory integrity sijui, kina swichi. Nikawasha, kakaomba kurestati, nikarestati. Na sasa ukiuliza nakumbuka kona ya chini ilitokea meseji kwamba draiva fulani limeshindwa kupakia, jina refuu linaishia na .sys, nikaifunga sababu nlikua na haraka ya mteja.

Ngambo_Tabora

Haya ndo hapo hapo. Ngoja nieleze kidogo maana wengi wanakuja na kesi hii hii na wote wanasema "apdeti imeua".

Draiva sio programu kama zile zingine. Programu ya kuediti ikikorofisha inajifunga unaifungua tena, maisha yanaendelea. Draiva linakaa ndani kabisa kwenye kiini cha windo, na likiwa na tundu, mwizi akipitia hapo ameshika nyumba nzima. Ile swichi uliyowasha inaitenga sehemu inayokagua madraiva, inaiweka kwenye chumba chake kwa kutumia uwezo wa prosesa wa kuigiza mashine ndani ya mashine, af draiva lolote lisilotimiza masharti linaachwa nje. La kwako limeachwa nje. Kawaida windo inakagua kabla ya kukuruhusu kuwasha swichi na inakutajia madraiva yasiyoendana, ila mengine yanapenya ukaguzi af yanakwama wakati wa kupakiwa. Ndo kodi 39 hiyo.

Sasa jiulize draiva lako lilitoka wapi. Lilitoka kwenye ile ile flashi ya fundi, mwaka jana. Hizo flashi tunazijua, mtu alikusanya madraiva enzi za Windows 7, anayaweka kwenye kila mashine inayokuja, mradi spika imelia anachukua hela. Halafu unarudi kwake na tatizo anakupa draiva lile lile ulirudishe! Ungelirudisha mpaka Idi lisingepakia.

Na kwa wanaouliza draiva la sauti lina siri gani ya kuibiwa: Mei 2017 watafiti wa kampuni ya modzero ya Uswisi walikuta draiva la sauti la Conexant kwenye baadhi ya laptopu za HP, EliteBook na ProBook ambazo huku kwetu zimejaa kila duka la used, linaandika kila kitufe unachobonyeza kwenye faili linaitwa MicTray.log ndani ya folda la Public. Kila kitufe, pamoja na paswedi. Lengo lilikuwa kusikiliza vile vitufe maalum kama cha kuzima maiki, wakasahau humo uchafu wa majaribio, HP ikatoa marekebisho. Mwaka 2020 tena likatangazwa tundu kwenye madraiva ya sauti ya Realtek, namba yake ya utambulisho CVE-2019-19705, mtu aliyekwisha kuingia kwenye mashine anaweka DLL yake (faili la programu) na draiva linaipakia kama ya kwao. Kwa hiyo draiva la sauti nalo linaapdetiwa kwa ajili ya usalama, sio utani.

Kapteni_Kibirizi

Maelezo mareeefu. Azime swichi aliyowasha, arestati, sauti irudi, aediti. Dakika mbili. Kweli si kweli?

Ngambo_Tabora

Kweli, Kapteni, itarudi. Hata Microsoft wenyewe wanaitaja njia hiyo, ila wanaiweka mwisho, kama draiva jipya limekosekana kabisa. Yeye hajatafuta hata moja. Na huyu ndugu kazi yake ni kupokea flashi na memori kadi za kila mtu mjini, kuanzia za wapiga picha wa Gungu mpaka za wanaoshuka na boti. Mashine inayochomekwa vitu vya watu kutwa nzima ndo unaifungulia mlango? Ya kwako ya kusikilizia muziki zima, ya huyu hapana.

bint_Ujiji

Naongezea tu, tusiseme kila siku kosa ni la mtumiaji. Zile apdeti za usalama za Januari 2025 zilivuruga kweli sauti, vifaa vya sauti vya USB vya aina ya zamani vilikuwa vinatoa kodi 10 kwamba rasilimali hazitoshi, na mtu hakugusa swichi yoyote. Microsoft walikiri wakarekebisha. Na Oktoba 2018 lilisukumwa kimakosa draiva la sauti la Intel kupitia Windows Update, watu wakaamka kimya. So mtu akisema apdeti imeniharibia asichekwe, tumuulize kodi kwanza.

Ngambo_Tabora

Dada uko sahihi kabisa, ndo maana nikaanza na kodi.

Mgebuka, fanya hivi, na hatua ya kwanza haili bando hata kidogo. Device Manager, bonyeza kulia kile chenye njano, chagua Uninstall. Kabla ya kukubali kuna kisanduku kidogo cha kufuta na draiva lenyewe, WEKA TIKI. Usipoweka windo inalihifadhi ghalani kwake na ukirestati inalirudisha lile lile. Ukimaliza restati. Windo ina draiva lake la kawaida la sauti linaitwa High Definition Audio Device, linakuja na windo yenyewe. Lisipojiweka ingia kwenye Update driver, chagua kutafuta ndani ya kompyuta, kisha kuchagua mwenyewe kwenye orodha, utaliona. Kwa mashine nyingi linatosha, spika zinalia. Litakuwa halina mbwembwe, besi itapungua, maiki ya hedifoni inaweza kugoma, ila mteja wako haagizi besi.

Af usiku bando likiwa la bei chee ingia tovuti ya kampuni iliyotengeneza laptopu, weka serial namba ya mashine iliyo chini ya tumbo lake, utapewa draiva la modeli hiyo hiyo. Usigugo "daunlodi draiva bure" utaletewa mdudu.

Mgebuka_Mkavu

Mkuu nimefanya, imerudi na njano yake. Kodi 39 tena. Nimeanza kuamini maneno ya fundi.

Ngambo_Tabora

Tiki uliweka?

Mgebuka_Mkavu

...narudi.

Kapteni_Kibirizi

😂😂😂

Mgebuka_Mkavu

Wakuu imelia!! Mara ya kwanza kweli sikuweka tiki, nilidhani tiki inafuta windo nzima nikaogopa. Safari hii nimeweka, na tena draiva la fundi yalikuwa mawili, nimefuta la kwanza nikirestati likajitokeza la pili la zamani zaidi, nikafuta na hilo, ya tatu ndo ikaja hiyo High Definition. Eksi nyekundu imeondoka. Nimebonyeza video pale nilipokuwa nimeachia na kitu cha kwanza kutoka ni MC anasema "baba mzazi simama tukuone", nusura nisimame mimi.

Sauti ni nyembamba kweli kama redio ya mkulima ila mdomo na kigelegele vinaenda pamoja, na swichi ya ulinzi bado imewashwa sijaizima. Naediti usiku huu.

bint_Ujiji

Hongera kaka, usisahau kuseivu, umeme wetu unaujua.

Mgebuka_Mkavu

Mrejesho wakuu, sendofu imeisha na mteja kapokea. Lebo ya chini ilikuwa imefutika kwa jasho na kuburuzwa mezani, nikaingia kwenye BIOS (ile menyu ya mashine kabla windo haijawaka) nikaiona namba humo. Saa saba usiku nikadaunlodi draiva la kampuni, MB mia tatu na kitu, nikaweka, swichi ya ulinzi ikalikubali bila neno. Besi imerudi na maiki ya hedifoni inashika.

Ngambo ukija Kigoma migebuka iko kwangu. Kapteni na wewe njoo ila laptopu yako iache huko huko.

Kapteni_Kibirizi

Nakuja nayo na flashi.

Ngambo_Tabora

Migebuka nimeiandika, na mimi nitashusha asali. Vipi yule fundi umemwambia?

Mgebuka_Mkavu

Nilitaka kumwambia, kanipigia yeye kabla. Anaidai flashi yake haraka, kuna mteja hapo dukani kaamka laptopu haina sauti.