Kamkanyaga pomboo kwa kiatu, halafu anatuambia tumsomee hitma tumwite kwenye pilau!

MwanaMenai (mwanzisha uzi)

Wana jamvi, leo sina salamu. Natoka diko la wavuvi sasa hivi, mikono inatetemeka, na nisipoandika nitapasuka.

Nyote mnamjua, kumtaja sina haja. Yule wa miwani ya jua mpaka wakati wa isha. Yule ambaye boti zake za watalii zimechorwa pomboo ubavuni, pomboo anacheka meno thelathini na mbili. Huyo huyo, asubuhi ya leo, kaweka kiatu juu ya mgongo wa pomboo aliyekufa. Kiatu! Cha ngozi! Mchangani kwetu, ambako hata viongozi wakija wanavua.

Jarife lake, ule wavu mrefu wa kutega, lilitegwa jana magharibi, limevutwa alfajiri, ndani mna pomboo jike na mwanawe. Mtoto bado wa kunyonya. Watu tumesimama pale, hakuna anayesema neno, hata wachuuzi wa mnadani wameshusha ndoo. Mie nikasogea kwa adabu zangu zote, shikamoo nikatoa, nikamwambia: mzee wetu, si tulikaa kikao tukakubaliana majarife yasitegwe kwenye njia ya pomboo? Hakunijibu. Akainua mguu, akaukita juu ya mgongo wa yule mama, akanitazama usoni, akasema: "Samaki huyu kama samaki wengine. Kama ni ndugu yako, msomee hitma, ukimaliza tuite pilau."

Vijana wake wakacheka. Walicheka mpaka nadhani Pemba walisikia.

Mguu wenyewe hakuutoa! Aliuacha pale pale huku anapokea simu. Anazungumza bei ya mafuta, kiatu kiko juu ya maiti. Simu ikaisha, akapokea nyingine, kiatu bado. Naapa naona ilipita karne.

Ati samaki! Samaki gani anayenyonyesha? Pomboo anavuta hewa, kila baada ya dakika chache lazima apande juu. Akinaswa na jarife usiku, hapandi tena. Anapigana na nyuzi mpaka pumzi inakatika. Yule mama alikuwa na alama za nyuzi usoni na kwenye mapezi, zimeingia ndani ya ngozi. Hizo alama nimeziona kwa macho yangu, na kiatu kilikaa shibiri moja tu kutoka hapo.

Dagaa ukiwavua leo, msimu ujao wapo. Pomboo jike anabeba mimba mwaka mzima, anazaa mtoto mmoja, ananyonyesha zaidi ya mwaka, na hupita miaka hajazaa mwingine. Watafiti walikuja hapa Kizimkazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakawahesabu walio hai na wanaokufa majarifeni, wakasema wazi kwamba vifo ni vingi kuliko kundi linavyoweza kuhimili. Hilo ni la pomboo wetu hawa wa kawaida, na la yule mwenzake mwenye nundu mgongoni, anayekaa maji ya kina kifupi karibu na ufukwe, hapo hapo tunapotega na tunapomwaga uchafu. Huyo wa nundu sasa duniani kote yuko hatarini kutoweka. Ghuba yetu hii ya Menai ni eneo la hifadhi tangu 1997! Wazee wetu waliwahi kuwawinda kwa chambo cha papa, na wakaacha miaka ya 1990 walipoona pomboo aliye hai analeta mgeni kila kukicha. Hata wao, waliowachoma mikuki, sijasikia mmoja aliyewakanyaga kwa kiatu.

Na oili chafu ya mashine zake anaimwaga wapi? Mnajua anakoimwaga. Boti ikishamaliza kuwafukuza pomboo ili mtalii arukie majini, oili inaishia kwenye maji yale yale. Pesa anaitoa kwa pomboo, uchafu anampa pomboo, jarife anamtegea pomboo, na mwisho anamkanyaga. KWA KIATU.

Nimemaliza. Sijamaliza. Nitarudi.

Kibua Mbichi

Uzi bila picha ni batili. Weka picha ya kiatu.

Jogoo la Shamba

Mkuu punguza povu. Watu unga umewashinda, wewe unalilia pomboo. Huyo mzee kaajiri vijana wa mtaa mzima. Wewe umeajiri nani?

MwanaMenai

Jogoo, sijazungumza ajira. Nimezungumza kiatu. Hao vijana siku pomboo wakiisha atawaajiri wafanye nini, wapeleke watalii kutazama picha iliyochorwa kwenye boti? Picha sikupiga, Kibua, maiti ile sikutaka aibiwe heshima mara ya pili.

Bi Mkasi

Mie nilikuwepo. Alichosema ni kweli, na la pilau nimelisikia kwa masikio haya. Ila kiatu kilikuwa kandambili.

MwanaMenai

Bi Mkasi, mama yangu, nakuheshimu. Kilikuwa kiatu. Cha ngozi. Kahawia. Kina kisahani cha dhahabu mbele.

Kibua Mbichi

Kandambili ya dhahabu. Tunaendelea.

Binti Chumbageni

Nyie wa Unguja mnalia kiatu? Sisi huku Tanga tumelelewa na baruti za wavuvi. Unaamka asubuhi, kabla ya chai, buu! Nyumba inatikisika, na matumbawe ya kujengwa miaka mamia yamegeuka kifusi. Samaki mwenye mfupa anapasuka kibofu, nusu wanazama, wanaokotwa wachache wanaoelea. Pomboo anaishi kwa masikio, sauti ndiyo inayomwonyesha njia na chakula. Hebu fikiria bomu kwa kiumbe anayeona kwa masikio. Serikali ilipowabana kweli kweli tukapumua, lakini miaka ile mlikuwa wapi na nyuzi zenu? Halafu hilo jarife mnalolilia, huku likishushwa kwenye kina kirefu kutafuta papa limeleta silikanti, samaki ambaye wazungu walidhani alikwisha na dinosaria. Ndiyo maana tuna hifadhi ya silikanti tangu 2009. Nyie mna nini?

Mzee wa Nungwi

Wa kusini mkiguswa kidogo dunia nzima ijue. Sisi Nungwi mwishoni mwa Aprili 2006 pomboo karibu 400 walikufa kwa mkupuo mmoja ufukweni. Mia nne! Tulitembea tunaruka maiti. Hakuna aliyetufungulia uzi.

Jogoo la Shamba

Ile ilikuwa manowari za Wamarekani na mitambo yao ya sauti. Kila mtu anajua.

Mzee wa Nungwi

Ilishukiwa, haikuthibitishwa. Wataalamu walichunguza, matumbo ya pomboo yalikuwa hayana kitu. Usimfundishe baba yako kuvua.

Jogoo la Shamba

Baba yangu yuko Sumbawanga hajawahi kuiona bahari.

Msimbazi Kwetu

Mnalalamikia mtu mmoja na mguu mmoja, njooni Dar mvua ikinyesha. Mto Msimbazi wote unahamia baharini: chupa, makopo, nepi, godoro, juzi nimeona mlango. Maji taka sisemi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, sawa, tushukuru, lakini chupa je? Kamba na vipande vya nyavu vilivyotupwa je? Wavu ukishakatika ukapotea hauachi kuvua, unaendelea kuua bila mwenyewe. Na mimi nina mtu wangu hapa mtaani, nyote mnamjua, anayesubiri mvua ndipo afungue chemba ya choo chake. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi!

MwanaMenai

Fungua wako, ndugu yangu. Huu ni wa kiatu.

Mkilifi

Ndugu zetu wa Zanzibar poleni, lakini nyinyi bado mna pomboo wa kukanyagwa. Sisi huku Pwani ya Kenya nguva tunawasikia kwa babu zetu. Lamu mpaka Kiunga wazee wanakwambia walikuwa wakipita wanakula nyasi za bahari kama ng'ombe malishoni. Karibu wamekwisha kwa majarife, na nyasi zenyewe zinakokotwa na juya, wavu wa kuburuta, na kufunikwa na tope. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki wametangazwa wako ukingoni kabisa mwa kutoweka, wakubwa wa kuzaa wamebaki chini ya 250, na karibu wote wako Bazaruto, Msumbiji. Nguva jike anaweza kukaa hadi miaka saba hajazaa. Mmoja akinaswa, hiyo si hasara ya siku moja. Na juzi kati kuna mtu, jina nahifadhi, kasimama mbele ya watu akasema nguva ni hadithi za bibi, hakuwahi kuwepo! Mbele ya wazee waliomla!

Mwana wa Delta

Mkilifi, msituzike tungali hai. Huku Rufiji, Mafia na Kilwa wachache bado wapo, na sisi tunawajua wanaoificha nyama yao usiku. Tatizo lenu Wakenya mnadhani kilichokwisha kwenu kimekwisha duniani.

Mkilifi

Sijasema wamekwisha kote, nasema soma nilichoandika.

Mtumbatu wa Glasgow

Msidhani huku Ulaya wamesalimika. Januari 2016, kisiwa cha Tiree hapa Uskoti, alikutwa orka jike, jamii ya pomboo wakubwa kabisa, amekufa, wanamwita Lulu. Alikabwa na kamba za uvuvi. Walipompasua wakakuta PCB, kemikali za viwandani, kwa kiwango miongoni mwa vikubwa kabisa kuwahi kupimwa kwa wanyama hawa, na inaonyesha hakuwahi kuzaa maishani mwake. Kemikali zenyewe Uingereza ilizipiga marufuku tangu miaka ya 1980! Sumu ya namna hiyo inakaa kwenye mafuta ya mwili, haitoki kirahisi. Njia yake kubwa ya kutoka ni maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto wa kwanza ndiye anayebebeshwa mzigo. MwanaMenai, mimi nipo na wewe. Mtoto yule aliyenaswa na mamaye hakuomba lolote kati ya haya.

MwanaMenai

Asante, Mtumbatu. Wewe umenielewa. Mtoto alikuwa kalala pembeni ya mamaye, na yule bwana hakumtazama hata mara moja. Nilichosahau kuandika: alipomaliza kukanyaga, alifuta kiatu. ALIKIFUTA. Kwa kitambaa. Kana kwamba yule mama ndiye aliyemchafua yeye!

Bi Mkasi

Kandambili haifutwi kwa kitambaa. Basi labda kilikuwa kiatu.

Mngazija wa Matrah

Salaam kutoka Maskati. Hapa Oman tuna nyangumi wa nundu wasiohama, wamebaki chini ya mia moja, na wengi wana makovu ya nyavu. Niliwahi kumwambia jamaa mmoja mwenye mashua, Mzanzibari mwenzetu huyo, akaniambia nirudi kwetu nikawalinde samaki tasi. Mpaka leo hatusalimiani, hata kwenye harusi.

Mtega Jarife

Nimesoma yote nikiwa nimenyamaza, sasa niseme na mimi. Mimi ndiye mvuvi. Jarife ndilo linalosomesha wanangu. Pomboo hatumtaki kwenye wavu: anauchana, siku mbili unashona, na nyama yake hainipi kitu. Watafiti walikuja na vile vidude vya kulia majini vya kumfukuza, vikajaribiwa huku huku Unguja, na kwa majarife ya kuelea vilisaidia. Baadaye? Nani ananunua? Betri nani anabadilisha? Nasikia Pakistani wavuvi wa jodari wanashusha wavu mita mbili chini ya uso wa maji, pomboo anapita juu. Kamba za ziada tu zinazohitajika. Mimi niko tayari kesho. Ila kumkanyaga, hapana. Bahari haikanyagwi. Nani kamfundisha huyo?

MwanaMenai

Mvuvi kasema! Mvuvi mwenyewe! Mita mbili tu za kamba, na yule bwana ana pesa ya kununua kamba ya kufika Mombasa, lakini anachojua ni kunyoosha mguu...

Jogoo la Shamba

Mtega Jarife, ukishusha mita mbili jodari si watapita juu pia?

Mtega Jarife

Wanapungua kidogo, si sana, ndivyo nilivyosikia. Shida yangu mimi si jodari, shida ni uzi. Uzi wa sasa hauna nguvu kabisa. Zamani jarife linakaa misimu, siku hizi ukilikojolea linaoza.

Mwana wa Delta

Hapo umenena! Kuna muuza nyavu mmoja, sitamtaja, kaniuzia wavu wa matundu ya inchi sita, nimefika nyumbani nimepima ni tano na nusu. Mwizi mkubwa.

Binti Chumbageni

Nusu inchi tu? Mimi kaniuzia boya limejaa maji.

Fundi Mashine Mkunazini

Wakuu, nyuzi za nyavu za unene wa ply 36 na maboya mapya yamefika, bei ya maelewano. Pia natengeneza mashine za boti aina zote.

MwanaMenai

Jamani, uzi huu ni wa kiatu!

Mtega Jarife

Fundi, ply 36 rola unauzaje? Nataka na kamba ya kushushia.

Mkilifi

Na Shimoni mnaleta? Huku nauli ya kufuata mzigo ni ghali kuliko mzigo wenyewe.

Fundi Mashine Mkunazini

Shimoni tunapeleka kwa jahazi, hali ya bahari ikiruhusu. Njoo faragha tuongee.