Mrejesho: kola ya mbwa wangu iliyokuwa inamchubua

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza namna ya kuchagua saizi ya kola, maana ya kwanza niliinunua kwa kukisia tu, ikamchubua mbwa wangu shingo. Asanteni nyote mlionijibu.

Nilifuata ushauri wa kupima kwa tepu ya fundi cherehani, pale pale kola inapokaa. Nikapata sentimita 38. Nikachukua inayorekebishika kati ya 35 na 45, nikaifunga hadi vidole viwili vipite chini yake bila kulazimisha. Mchubuko umepona, manyoya yameanza kurudi.

Ila tatizo halikuisha lote. Huyu kichwa chake ni chembamba kuliko shingo. Akirudi kinyumenyume kola inachomoka kama soksi. Nilijaribu kuikaza, akaanza kukohoa, nikaacha. Aliyesema nitafute mkanda wa kifuani alikuwa sahihi, nami nilimbishia sana (samahani mkuu). Sasa kamba naifunga huko kifuani, kola imebaki ya kubeba kibati chenye namba ya simu.

Wenye watoto wa mbwa, pimeni upya kila wiki. Wa dada yangu ilimbana ndani ya wiki tatu.